Upepo wa Matairi ya Gari la Familia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wenye Magari wa Dodoma

Maswali yaliyo hapa chini ni yale ambayo wenye magari madogo mjini Dodoma huuliza wanapokutana na geji, fundi pancha, au tairi lililonywea asubuhi. Majibu yanalihusu gari la abiria la kawaida, kama vile IST, Passo, Spacio, Premio, Noah au RAV4, linalopeleka watoto shuleni siku za wiki na kwenda Kondoa, Mpwapwa au Morogoro mara chache kwa mwaka. Malori na mabasi yana hesabu zake, nayo hayatazungumziwa hapa isipokuwa pale ambapo mitambo ya kuyajazia upepo inatumika kwenye gari lako, jambo ambalo hutokea mara nyingi kuliko inavyofaa.

Gari langu linatakiwa kuwekwa upepo kiasi gani?

Kiasi hicho kimekwisha kupangwa na kiwanda kilichotengeneza gari, nacho kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho katika nguzo ya mlango wa dereva, pale mlango unapofungia. Katika magari machache kibandiko hukaa nyuma ya kifuniko cha tundu la mafuta, na kama kimebanduka au kilifunikwa na rangi gari lilipopakwa upya, kitabu cha gari kinacho kiwango hichohicho. Magari mengi madogo ya familia huangukia kati ya kPa 200 na kPa 250, ambazo ni sawa na psi 29 hadi 36 (kPa na psi ni vizio viwili vya kupimia upepo), na tofauti hiyo peke yake inatosha kuonyesha kwa nini haifai kumuuliza jirani anaweka ngapi. Gari la jirani lina uzito wake na matairi ya ukubwa wake. Angalia pia kwamba namba ya matairi ya mbele huenda si ile ya nyuma, kwa kuwa uzito wa gari haugawanyiki sawasawa. Anayesema "weka 35 zote" anaokoa muda wake, si matairi yako.

Kibandiko chenyewe kimeandikwa Kijapani. Nitakisomaje?

Huhitaji kujua Kijapani, kwa kuwa namba na ukubwa wa tairi vimeandikwa kama tunavyoviandika sisi. Tafuta kwanza ukubwa ulio sawa na ule ulioandikwa ubavuni mwa tairi lako, mathalani 185/65R15 au 195/65R15, kwa sababu kibandiko kimoja kinaweza kuorodhesha aina mbili au tatu. Alama 前 maana yake ni mbele, na alama 後 maana yake ni nyuma. Karibu na ukubwa huo utakuta namba mbili zinazokwenda pamoja: moja kubwa ya kPa, kama 220, na nyingine ndogo ya kgf/cm², kama 2.2. Geji zetu nyingi husomwa kwa psi, kwa hiyo igawanye ile namba ya kPa kwa 6.9. Kwa hesabu hiyo 220 ni psi 32, 230 ni psi 33, 240 ni psi 35, na 250 ni psi 36. Andika jibu kwa kalamu isiyofutika kwenye kipande cha plasta, kisha ukibandike chini ya kibandiko chenyewe, ili mtu mwingine wa nyumbani anayeendesha gari hilo asianze kupiga hesabu upya akiwa sheli na foleni iko nyuma yake.

Ubavuni mwa tairi pameandikwa 44 psi. Kwa nini isiwe hiyo ndiyo namba ya kufuata?

Namba hiyo, ambayo hutanguliwa na maneno MAX PRESS, ni ukomo wa tairi lenyewe. Kiwanda cha tairi hakijui kama tairi hilo litafungwa kwenye gari jepesi au kwenye gari lenye viti saba, hivyo kinachoweza kusema ni mahali ambapo usivuke tu. Kiwanda cha gari ndicho kinachojua gari lina uzito gani, limekaaje, na breki zake zimepangwa zifanye kazi na tairi la ugumu gani. Ukijaza mpaka 44 kwenye gari lililoandikiwa 32, tairi hubinuka katikati kama mgongo wa ngamia, sehemu inayogusa lami hupungua, umbali wa kusimama huongezeka, katikati huliwa kabla ya pembeni, na kila shimo utakalopita litapiga rimu na bodi kwa nguvu isiyo ya lazima.

Ni wakati gani wa siku unaofaa kupima?

Ni asubuhi, kabla gari halijatoka nyumbani. Viwango vyote vilivyoandikwa kwenye kibandiko ni vya tairi baridi, na tairi huhesabiwa kuwa baridi iwapo gari limeegeshwa kwa muda wa saa 3 au zaidi, au iwapo halijatembea zaidi ya kilomita 2 hivi kwa mwendo wa pole. Kwa mtu wa Dodoma neno "baridi" linahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko kwa mtu wa pwani, kwa sababu hewa yetu ni kavu na tofauti ya joto kati ya alfajiri na alasiri ni kubwa. Mwezi Julai mtu anaweza kutoka na koti saa 12 asubuhi na kulivua saa 5, na ifikapo Oktoba na Novemba, kabla mvua hazijaanza, mchana hupita nyuzi joto 30 bila shida.

Kila joto linapopanda au kushuka kwa nyuzi 10, upepo wa tairi la gari dogo hupanda au kushuka kwa takriban psi 1.5. Maana yake ni kwamba gari lililopimwa alasiri ya Novemba likasoma 32 kamili litasoma 30 au 29 asubuhi ya Juni ijayo hata kama halikuvuja hata kidogo, na ukweli ni kwamba kila tairi huvuja kidogo. Ndiyo maana mwezi wa Mei, baridi inapoanza kuingia, ni wakati wa kupima upya hata kama ulipima wiki iliyopita.

Jua nalo lina upande. Gari lililoegeshwa nje ya ofisi kule Mtumba, likachomwa na jua ubavu mmoja mchana kutwa, litaonyesha namba za juu zaidi kwa matairi ya upande huo. Usianze kuyasawazisha matairi kwa vipimo vya namna hiyo, kwa sababu asubuhi utakuta umeharibu matairi mawili yaliyokuwa sawa.

Nimefika Kibaigwa nikitokea mjini, nimepima, na tairi lililokuwa 32 sasa linasoma 37. Nipunguze?

Usipunguze. Tairi linapozunguka hujikunja na kujikunjua, msuguano huo huzalisha joto, na kupanda kwa psi 4 hadi 6 baada ya safari ya barabara kuu ni jambo ambalo wahandisi walilihesabu walipoandika 32 kwenye kibandiko. Ukitoa psi 5 pale Kibaigwa ili irudi 32, asubuhi ya pili utakuwa na tairi la 27, na utaendelea na safari ya Morogoro ukiwa na tairi lenye upepo pungufu linalojikunja zaidi na kupata moto zaidi. Kupanda huko kunakuwa dalili ya tatizo endapo tairi moja peke yake limepanda sana kuliko mwenzake wa ekseli hiyohiyo. Hapo chunguza kama lilianza safari likiwa na upungufu, kama mzigo umelalia upande mmoja, au kama breki ya gurudumu hilo inashika.

Ikiwa umegundua njiani kwamba tairi lina upungufu wa kweli na hakuna muda wa kusubiri lipoe, lijaze mpaka psi 4 hivi juu ya namba ya kibandiko, kisha ulipime tena kesho yake likiwa baridi.

Kwa nini geji ya kibanda cha pancha hailingani na yangu?

Swali hili linastahili jibu refu, kwa sababu hapa ndipo watu wengi makini wanapokosea bila kujua. Mji wetu uko kwenye njia kuu ya malori yanayopanda kutoka pwani kwenda Singida, Mwanza na nchi jirani, na kompresa nyingi za kando ya barabara, hasa zile za kuelekea Ihumwa na Nala, zimenunuliwa kwa ajili yao. Tairi la lori kubwa hujazwa psi 100 na zaidi. Geji inayofaa kazi hiyo huwa na uso unaofika 200 au zaidi, na juu yake umbali kati ya 30 na 35 ni mdogo kuliko unene wa mshale unaotikisika. Geji za mshale kwa desturi husoma vizuri katikati ya uso wake kuliko kwenye ncha zake, na gari lako dogo linasomewa kwenye ncha ya chini kabisa. Ongeza kwamba geji hiyo huangushwa chini, huburuzwa vumbini, na huachwa juani kutwa nzima.

Simlaumu fundi. Anafanya kazi na kifaa alichonacho, na kwa lori kosa la psi 3 si kubwa. Kwa gari lililoandikiwa 30, ni sehemu moja ya kumi. Ninachoshauri ni kila familia yenye gari iwe na geji yake, iwe ya kijiti, ya mshale au ya betri, ambayo uso wake unaishia 60 au 100, ikae ndani ya droo ya gari na si kwenye dashibodi penye jua. Mwombe fundi ajaze kidogo kupita kiwango, kisha wewe mwenyewe upime na kupunguza kwa geji yako. Ukitumia geji ileile kila mara, hata kama inakosea kwa psi 1, itakosea kwa namna ileile, na utaona mara moja tairi linapobadilika.

Kupima kwenyewe kunafanywaje?

Fungua kifuniko cha valvu na ukiweke mfukoni, kwa sababu kikianguka kwenye changarawe hutakiona tena. Bana kichwa cha geji moja kwa moja juu ya valvu, bila kukiinamisha, na kwa nguvu ya kutosha ili ule mlio wa upepo unaotoka ukome. Soma, toa, rudia mara moja. Kama visomo viwili vinatofautiana, geji haikukaa vizuri. Upepo ukizidi, bonyeza kijipini kilicho katikati ya valvu kwa nukta moja na upime tena. Ukipungua, ongeza kidogo kidogo. Mwisho tia mate kidoleni na uguse mdomo wa valvu: kipovu kikitokea, kijipini cha ndani hakifungi na kinahitaji kukazwa au kubadilishwa, kazi ambayo fundi huimaliza kwa dakika chache. Rudisha kifuniko. Kwa vumbi letu, kifuniko hicho si pambo, kwani chembe moja ya mchanga ikikaa kwenye kijipini inatosha kusababisha upepo kupungua kidogo kidogo kwa wiki nzima.

Matairi manne huchukua kama dakika 5.

Nipime mara ngapi?

Mara moja kwa mwezi, na kila unapotaka kusafiri mbali. Tairi zima kabisa hupoteza psi 1 hadi 2 kwa mwezi kupitia kwenye mpira wenyewe. Kuangalia kwa macho au kupiga teke hakusaidii: tairi za kisasa zenye ubavu mfupi zinaweza kupungukiwa psi 8 na bado zikaonekana kama zimeshiba.

Nikienda Dar es Salaam, nibadilishe upepo kwa sababu Dodoma ni juu?

Huna haja. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Geji hupima tofauti iliyopo kati ya upepo wa ndani ya tairi na hewa ya nje, hivyo tairi lilelile, lenye hewa ileile na joto lilelile, litasoma karibu psi 2 chini likiwa Dar es Salaam. Lakini asubuhi ya Dar es Salaam ina joto kuliko ya Dodoma, na joto hilo hupandisha upepo kwa psi 1 na zaidi. Mambo haya mawili yanakaribia kufutana, na dereva aliyeondoka na 32 baridi hapa atapima asubuhi ya pili kule akute 31 au 32. Wanaokuta tofauti kubwa huwa wamepima mara moja likiwa la moto na mara nyingine likiwa baridi.

Gari likijaa watu na mizigo, niongeze?

Soma kibandiko tena. Magari mengi yana safu ya pili ya namba kwa ajili ya mzigo kamili, na kwa kawaida ni matairi ya nyuma yanayoongezwa zaidi, kwa sababu huko ndiko mizigo inakokaa. Noah yenye watu wazima saba, mabegi ya wiki mbili, gunia la mahindi na kreti mbili za zabibu za kupelekea wenyeji si gari lilelile lililokwenda ibadani Jumapili. Kama kibandiko chako kina namba moja tu, ifuate hiyohiyo, na usibebe kupita uwezo wa gari. Kila tairi lina namba ya uzito baada ya ukubwa wake: 88 maana yake ni kilo 560 kwa tairi moja, na 91 ni kilo 615, mradi tu upepo uwe wa kutosha. Tairi lililopungukiwa haliwezi kubeba kilo zilizoandikwa juu yake, na huu ndio mchanganyiko unaopasua matairi barabarani: mzigo mwingi, upepo mdogo, lami ya moto na mwendo mrefu usiokatika.

Ukirudi na gari likiwa tupu, rudisha pia upepo wa kawaida.

Je, ni kweli kwamba upepo mwingi unaokoa mafuta?

Kuna ukweli ndani yake, ila ni mdogo kuliko unavyosimuliwa. Wizara ya Nishati ya Marekani hukadiria kwamba kila wastani wa upepo wa matairi unaposhuka kwa psi 1, umbali ambao gari huenda kwa mafuta yaleyale hupungua kwa takriban asilimia 0.2. Gari lililopungukiwa psi 8 kwenye matairi yote linapoteza basi chini ya asilimia 2 ya mafuta. Ni fedha, lakini si fedha ya kumfanya mtu ajaze kupita kiwango na kuhatarisha breki. Hasara kubwa ya upepo pungufu iko kwenye tairi lenyewe: pembeni zote mbili huliwa mapema, na ubavu hupata joto linalolegeza tabaka za ndani bila kuonekana kwa nje. Tairi lililowahi kukimbizwa likiwa limenywea huenda likapasuka wiki kadhaa baadaye, likiwa limejazwa vizuri, na mwenyewe akashangaa.

Ukitaka kujua matairi yako yameishije, yasome yalivyoliwa. Yakiliwa pembeni zote mbili, upepo ulikuwa mdogo. Yakiliwa katikati, ulikuwa mwingi. Yakiliwa upande mmoja tu, tatizo ni mpangilio wa magurudumu na si upepo, na yakiwa na mabonde mabonde, peleka gari kwa fundi akague shokapu.

Barabara za vumbi na za mchanga zinahitaji upepo mdogo?

Kwa barabara ya vumbi ya kawaida, hapana. Punguza mwendo, si upepo. Tairi lenye upepo mdogo kwenye barabara yenye mawe na mashimo hubanwa kati ya jiwe na rimu, na nyuzi za ubavuni hukatika. Utaona uvimbe kama yai. Tairi lenye uvimbe huo halitibiki, hubadilishwa.

Mchanga mzito wa korongo ni jambo jingine. Ukikwama, unaweza kushusha hadi psi 20 hivi ili tairi litanuke na kuelea, ukatoka taratibu bila kukata kona kali, kisha ukajaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Ushauri huu una maana tu kwa aliyebeba pampu. Pampu ndogo ya umeme inayochomekwa kwenye tundu la kiberiti inatosha kwa gari la familia. Washa injini wakati inafanya kazi ili betri isiishe, na uipumzishe kati ya tairi moja na jingine kwani hupata moto haraka.

Msimu wa mvua nao unabadilisha chochote?

Kiwango hakibadiliki. Kinachobadilika ni ukubwa wa adhabu ya kutokukifuata. Mvua zetu za Desemba hadi Aprili hunyesha kwa ghafla na maji husimama juu ya lami kabla hayajapata pa kwenda. Tairi lenye upepo sahihi husukuma maji yaingie kwenye mifereji yake. Lililopungukiwa hulegea katikati na kuanza kuteleza juu ya maji likiwa kwenye mwendo mdogo zaidi. Mifereji nayo iwe na kina: ndani yake kuna vijituta vidogo vyenye kimo cha milimita 1.6, na mpira ukishafika usawa wa vijituta hivyo, tairi limekwisha.

Tairi moja hupungua kila wiki. Fundi amelikagua mara mbili hakuona msumari.

Katika nchi ya Wagogo, kabla ya kutafuta msumari, tafuta mwiba. Miiba ya migunga ni migumu na myembamba, huingia kwenye mpira na kukatikia ndani, ikabaki imeziba tundu lake yenyewe kiasi cha kuvujisha psi 2 au 3 kwa wiki. Kwa nje utaona doa tu. Mwambie fundi alitie tairi zima ndani ya maji, au alipake povu la sabuni polepole, kuanzia kwenye uso, kisha kwenye valvu, kisha pale tairi linapokutana na rimu. Sehemu hiyo ya mwisho husahauliwa, nayo huvuja sana kwenye rimu zilizopata kutu au kupinda kwa mashimo. Valvu ya mpira pia huchanika shingoni kwa sababu ya jua. Ipinde kwa kidole na uangalie nyufa. Ni busara kuibadilisha kila unapofunga tairi jipya.

Ukikuta mwiba au msumari mwenyewe, usiuchomoe mpaka ufike kwa fundi. Tundu lililo kwenye uso wa tairi na lisilozidi milimita 6 linaweza kuzibwa. Lililo ubavuni halizibwi, hata fundi akikuhakikishia vipi.

Naitrojeni ina faida kuliko upepo wa kawaida?

Upepo wa kawaida una asilimia 78 ya naitrojeni tayari. Naitrojeni safi huvuja polepole kidogo na haina unyevu, jambo zuri, lakini kwa anayepima kila mwezi tofauti haionekani. Ukiwa na naitrojeni na tairi limepungua, ongeza upepo wa kawaida bila wasiwasi.

Gari langu halina taa ya upepo kwenye dashibodi. Je, limeharibika?

Huenda halikuwa nayo tangu mwanzo. Marekani ililazimisha mfumo huo wa kuonya upepo unaposhuka kwa magari madogo mapya yote tangu Septemba 2007, na Umoja wa Ulaya tangu Novemba 2014, lakini Japani, ambako magari yetu mengi yalitoka, haikuweka sharti hilo. Wenye taa hiyo nao wasiitegemee kama geji: kwa kanuni ya Marekani inatakiwa kuwaka upepo unapokuwa umeshuka kwa asilimia 25, yaani tairi la 32 likiwa limefika 24. Wakati huo tairi limekwisha kuumia.

Tairi la akiba nalo hupimwa?

Mimi nilijifunza jibu la swali hili kwenye barabara ya Mtera, saa 7 mchana, mwezi wa Oktoba. Kwa miaka miwili nilikuwa nimepima matairi manne kila mwezi kwa uaminifu, nikiandika hata namba kwenye daftari, na lile la tano, lililo chini ya zulia la buti, sikuwahi kulifungulia. Pancha ilipotokea nililitoa likiwa laini kama mto wa kulalia. Wanangu walikaa chini ya mbuyu zaidi ya saa moja huku tairi likipanda bodaboda kwenda kutafuta pampu kijiji kilichofuata, na sikuwa na mtu wa kumlaumu.

Tairi la akiba la ukubwa wa kawaida lijaze kwa kiwango cha juu kabisa kilicho kwenye kibandiko, kwani hujui litakwenda mbele au nyuma, na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Lile jembamba la dharura lina namba yake, kwa kawaida kPa 420, ambazo ni psi 60 hivi. Watu wengi hulijaza 32 kama mengine na kulikuta halifai kitu. Mwendo wake wa juu ni kilomita 80 kwa saa, na umbali wake ni wa kukufikisha kwa fundi, si wa kumalizia safari.

Nimenunua matairi ya mtumba yenye ukubwa tofauti ili gari linyanyuke. Nifuate kiwango gani?

Kibandiko kiliandikwa kwa ukubwa uliotajwa juu yake. Tairi kubwa kidogo lenye namba ya uzito sawa au kubwa kuliko ya awali kwa kawaida huanzia kwenye kiwango kilekile, kisha unaangalia jinsi linavyoliwa na kurekebisha kwa psi 1 au 2. Lililoandikwa XL, yaani lililoimarishwa kwa mzigo mkubwa zaidi, huhitaji upepo zaidi kidogo kubeba uzito uleule. Lakini kwa mtumba swali la kwanza si upepo, ni umri. Tafuta namba nne mwishoni mwa maandishi yanayoanzia na DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye zaidi ya miaka 5 likaguliwe kila mwaka, na lenye miaka 10 liachwe hata kama mifereji yake ni mizuri, kwa kuwa mpira hukauka na kupasuka ndani kwa ndani. Mimi binafsi nisingenunua la mtumba lenye zaidi ya miaka 4 kwa gari linalobeba watoto.

Jana nilijaziwa upepo, leo asubuhi umepungua psi 2 kwenye matairi yote manne. Nimepunjwa?

Ulijaziwa saa ngapi? Kama ilikuwa alasiri baada ya mizunguko ya mjini, matairi yalikuwa ya moto, na usiku yamepoa. Yakishuka yote manne kwa kiasi kinacholingana, hiyo ni hali ya hewa ya Dodoma na hakuna aliyekupunja. Ongeza sasa hivi, yakiwa baridi, mpaka kwenye namba ya kibandiko. Kama moja limeshuka na matatu yamebaki, lete maji ya sabuni.